Hesabu ya Kengele ya Grau

Ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni saa tisa na nusu, na Quirze alikuwa bado hajarudi.

Remei aliuona akiwa mlangoni pa kikanisa cha Mama wa Grau, mikono yake ikiwa bado na unga wa maandazi ya Pasaka. Ulimeza kwanza daraja la kale kule mtoni, kisha paa za mji wa Rocafosca, kisha ukaushika ukuta wa genge na kuukwea taratibu, kama maziwa yanayofura sufuriani. Alikuwa ameishi juu ya genge lile miaka thelathini na moja, akitunza kikanisa, ufunguo wake na kengele yake. Alijua kwamba ukungu ukishalifunika daraja, unahitaji robo saa tu kufika juu. Na baba mkwe wake alikuwa ameondoka tangu saa saba, na kikapu na fimbo, kwenda kuchuma farigola, majani ya dawa, kwenye kisima cha theluji, shimo la kale la kuhifadhia barafu.

Kabla hajaondoka, Remei alijaribu kumzuia.

"Baba, una miaka themanini na mitatu, na sikio moja limekufa. Farigola iko hata hapa nyuma ya nyumba."

"Hiyo ya nyuma mbuzi wa watalii wanaikojolea."

"Watalii hawana mbuzi, baba."

"Basi wanaikojolea wenyewe. Nipe fimbo yangu."

Akampa. Majani yale yakichumwa Ijumaa Kuu hutibu kifua mwaka mzima. Yakichumwa siku nyingine ni ya kutia harufu kwenye supu tu. Hivyo ndivyo Quirze alivyoamini, na baba yake kabla yake. Miaka yote alikuwa akienda na mwanawe Ermengol, mume wa Remei, mmoja akichuma na mwingine akishika kikapu, wakirudi wakigombana kuhusu nani alichuma na mizizi. Ermengol alizikwa Januari. Mwaka huu mzee alikwenda peke yake, na Remei alielewa kwamba si dawa peke yake iliyompeleka.

Njia ya kutoka kisimani ilikuwa ya nusu saa kwa miguu ya mzee. Ilipita juu ya mwamba mtupu, na mahali patatu ilikaribia ukingo kiasi kwamba hatua mbili za upande zingemtoa mtu juu ya mawe na kumweka hewani, na chini yake paa za mji. Uzio haukuwahi kuwapo. Wenyeji hawakuuhitaji, na wageni walionywa kwa kibao.

Remei alipangusa mikono kwenye aproni, akaenda kwenye kamba.

Kengele ya Grau ni ndogo, sauti yake nyembamba. Imekaa kwenye tundu la ukuta juu ya mlango, na kamba yake inashuka ndani, kwa hiyo mpigaji huweza kuvuta huku akitazama nje. Tangu jana, Alhamisi Kuu, kengele zote za bonde zilikuwa zimenyamazishwa hadi usiku wa Pasaka, lakini mlio wa waliopotea haujui mfungo. Akapiga: matatu ya haraka, kimya, matatu ya haraka, kimya. Mtu yeyote wa Rocafosca aliyenaswa na ukungu juu ya genge alijua la kufanya. Uufuate mlio, polepole, fimbo mbele, hadi uguse ukuta.

Alikuwa amepiga dakika kumi hivi pale kivuli kilipojitokeza uani. Akadhani ni Quirze. Lakini kilikuwa kirefu mno, tena cha rangi ya chungwa. Alikuwa mtembezi, mwanamume wa miaka arobaini na kitu, koti la mvua likichuruzika.

"Mungu akubariki, mama," alisema akihema. "Bila hiyo kengele ningelala nje. Naitwa Genís, natoka Sabadell. Hii kengele ni ya karne ya ngapi?"

"Umemwona mzee njiani? Kofia nyeusi, kikapu?"

"Nimemwona kisimani. Nilikuwa nalipiga picha lile shimo, akanifukuza. Eti nimemkanyagia dawa."

"Lini?"

"Saa moja iliyopita. Zaidi kidogo, labda. Mimi nimezungukia kwenye magofu ya ngome." Akamtazama usoni. "Ni baba yako?"

"Wa mume wangu. Shika hii kamba. Matatu, halafu kimya. Matatu, halafu kimya. Usikimbize."

Akatoka hadi uani na simu. Quirze hakuwa na simu. Alisema zinamkumbusha hospitali. Remei akampigia Blai, mtunza kanisa kuu kule chini mjini. Blai alikuwa kijana mwema, mwenye haraka ya kusaidia. Alikuwa amekuja miaka miwili iliyopita kutoka tambarare za Lleida, ambako ukungu ni mwingi lakini hakuna mahali pa kuanguka.

"Mama Remei! Tuko karibu kutoka na maandamano, sema haraka."

"Quirze hajarudi, na huku juu sioni hata mti wa uani. Waambie wazima moto wawe tayari. Mimi napiga kengele."

"Masikini mzee! Usiwe na wasiwasi, na sisi tutapiga. Kubwa ile, ataisikia hata na hilo sikio lake bovu."

"Hapana, Blai, sikiliza, huko chini msipi..."

Alikuwa amekata.

Akapiga tena. Ikaita hadi ikachoka. Akapiga tena, ikaita. Akampigia Assumpta wa duka la mikate, akampigia padri. Zote ziliita bure. Maandamano ya Ijumaa Kuu yalikuwa yameanza, na hakuna mtu wa Rocafosca anayetembea nyuma ya Bwana aliyekufa huku simu ikilia mfukoni.

Ndipo kengele kubwa ya mjini ikaanza.

Ilitokea chini, nzito, na ukungu ukaibeba kila upande. Ilipiga ukuta wa genge la ng'ambo ya mto na kurudi, ikapiga wa huku na kurudi tena, hadi mtu asingeweza kusema inatoka wapi. Matatu, kimya. Matatu, kimya. Bila kukosea, kwa sababu aliyekuwa akipiga alikuwa mtambo. Blai alikuwa amebonyeza kitufe na kwenda kushika mshumaa wake.

Genís akatabasamu, kamba mkononi. "Safi! Sasa wako wawili wanamwita."

"Acha kupiga," Remei alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba alirudia. "Acha. Wanamwita aanguke."

Genís akaiachia kamba.

"Mji uko wapi?" Remei aliuliza.

"Chini."

"Chini ya nini?"

Genís akageuza uso kuelekea kule weupe ulikokuwa mzito zaidi.

"Atajua kwamba ile ni ya mjini," alisema hatimaye. "Si mwenyeji?"

"Ndiyo maana hatajua. Miaka themanini na mitatu hajasikia kengele ya chini ikipigwa wakati wa ukungu. Haipigwi. Hata mtoto wa shule anajua haipigwi. Na leo ni Ijumaa Kuu, akili yake inamwambia mjini kote ni kimya. Akisikia kengele, kwake ni hii. Ataifuata."

"Basi niende nimtafute."

"Utakuwa wa pili."

"Nipige kelele."

"Piga."

Genís akaweka mikono mdomoni, akaita jina la mzee kwa nguvu zake zote. Jina likaondoka, likagonga, likawarudia kutoka upande wa mtoni, kana kwamba kuna mtu kule anawaita wao. Hakujaribu tena.

Matatu, kimya. Matatu, kimya. Kila mlio wa chini Remei aliusikia kama hatua ya mguu. Alijaribu kukokotoa mahali mzee alipo: kama aliondoka kisimani ukungu ulipoanza, sasa alikuwa kwenye bamba kubwa la mwamba, penye ukingo wa pili. Huenda alikuwa amesimama akigeuza sikio lake zima huku na huku. Huenda alikuwa ameshachagua upande.

Kitu kimoja tu kingeweza kuinyamazisha kengele ya mjini bila simu na bila mjumbe. Remei alikijua tangu simu ya tatu ilipoita bure. Alikuwa anaogopa kukifikiria.

Huko kwao, kengele ya Grau ikilia msiba, kila kitu husimama. Pigo moja moja, na kati ya pigo na pigo mtu anamaliza Baba Yetu. Wanaume huvua kofia. Mwenye ndoo huiweka chini. Kengele ya mjini, hata kama ilikuwa inapiga saa, huzimwa. Hakuna anayeinua mguu hadi ifike hesabu ya mwisho: mapigo matatu ya karibu karibu kama aliyekufa ni mwanamume, mawili kama ni mwanamke. Hesabu ikishatoka, msiba umefungwa, watu huvaa kofia na kuanza kuulizana ni nani. Kabla ya hapo, kutembea ni kumkanyaga marehemu.

Vikongwe wa mjini wangemshika Blai sikio hata katikati ya maandamano. Na Quirze, popote alipo, angesimama. Mguu wake ungesimama kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Lakini mara ya mwisho kengele hii kulia msiba ilikuwa Januari. Quirze mwenyewe ndiye aliyeshika kamba. Hakumkubalia mtu yeyote kumsaidia. Remei alikuwa amesimama uani kwenye barafu, akahesabu mapigo matatu ya mumewe yakitoka mkononi mwa baba yake. Tangu siku ile hawajaitaja, hata mezani. Na sasa amwambie mzee yule, kwa kengele ileile, ukunguni, peke yake, kwamba kuna mwingine? Nani? Juu ya genge walibaki wakazi wawili tu. Mmoja alikuwa anasikiliza.

"Moyo wake," alisema.

"Nini?" aliuliza Genís.

"Hakuna. Nipishe."

Akaishika kamba, akavuta mara moja, akaikaza kengele isirudi.

*Baba Yetu uliye mbinguni.* Chini, mtambo ukaendelea: matatu, kimya. Akamaliza sala, akavuta. Matatu, kimya. Akavuta la tatu. La nne. Genís alikuwa ameganda kwenye kizingiti, akisikiliza nje. La tano. La sita. Remei alianza kudhani mji wote umekwenda kutembea mbali mno, au labda vikongwe wote wamekufa na yeye hakupewa habari.

Baada ya pigo la saba kengele kubwa ikaanza matatu yake, ikatoa moja, ikatoa la pili, ikakatika.

Kimya kilichofuata kilikuwa kinene kuliko ukungu.

"Imezimwa," Genís alinong'ona.

"Najua."

"Sasa je? Upige ile ya kuita?"

Remei alikuwa ameshalifikiria hilo. Akibadilisha mlio bila kufunga hesabu, mzee atachanganyikiwa. Akifunga hesabu, kila mtu atakuwa huru kutembea, na Quirze wa kwanza, tena kwa mbio, kwa sababu atakuwa na maiti ya kwenda kuiona. Na hakujua uso wake umeelekea wapi. Njia pekee ilikuwa kutofunga. Kupiga tu, moja moja, hadi ukungu uchoke.

"Sasa asimame hapohapo," alisema. "Maadamu sijafunga, hasogei."

"Kwa muda gani?"

"Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Akapiga. Saa kumi na moja kasorobo ilifika, akiwa anapiga. Kamba ya katani ilikuwa imelowa unyevu, ikawa inamchuna viganja. Alihesabu mapigo hadi sitini kisha akapoteza hesabu. Kila Baba Yetu alimwona mzee amesimama kichwa wazi, nywele zake chache zikilowana, akisubiri. Anasubiri matatu au mawili. Anajiuliza. Akifika kwenye "utupe leo riziki yetu" Remei alikuwa anamwomba, si Mungu, bali yule mzee mbishi: simama hivyohivyo, baba, kwa mara moja katika maisha yako usibishe.

"Mama, mikono inatoka damu," Genís alisema. "Nipe nikupokee. Mapigo mawili tu, ujifunge kitambaa."

Alikataa. Akapiga mengine kumi. Kisha kamba ikamteleza, na pigo likatoka dhaifu, kama kikohozi, na akaogopa hilo zaidi.

"Moja," alimwambia. "Vuta, halafu ikaze palepale. Usiiache irudi. Umesikia? Isirudi."

Genís akavuta. Alivuta kama mtu mwenye nguvu, kengele ikapinduka hadi juu, na ilipokuwa inashuka akachelewa kuikaza. Ulimi ukagonga upande wa pili.

Mawili. Ya karibu karibu.

Remei alimsukuma kwa bega, akaidaka kamba kwa mikono yote miwili na kuning'inia. Mawili: mwanamke. Imefungwa. Mzee atavaa kofia sasa. Atainua mguu. Hakusubiri Baba Yetu ifike hata katikati. Akavuta, moja, akakaza. Akahesabu pumzi nne, akavuta tena, moja. Nilikosea, baba. Haijafungwa. Nilikosea. Moja.

Walisikiliza. Genís alikuwa mweupe kama chokaa. Hakuna jiwe lililoporomoka, lakini ukungu ule ungeweza kulimeza jiwe pia.

"Nisamehe," alisema.

"Nyamaza usikilize."

Alipiga nusu saa nyingine hivyo, bila kujua kama anampigia mtu aliye hai au kama sasa ni msiba kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko viganja.

Saa kumi na moja na nusu hewa ikasogea. Kwanza ilikuwa baridi tu shingoni. Kisha mti wa uani ukaonekana, tawi kwa tawi. Kisha ukuta wa nje, kisha mwanzo wa njia na alama zake za rangi nyeupe na njano kwenye mawe. Genís akakimbia hadi ukutani.

"Kuna kitu," alisema. "Mama, kuna mtu. Amesimama."

"Amesimama wapi?"

Genís akakaza macho. "Ukingoni. Ametugeuzia mgongo."

"Nenda. Usimwite, usimshtue. Mshike mkono kwanza ndipo useme. Na mimi siachi kupiga mpaka umemshika."

Akamwona akienda, koti la chungwa likififia na kurudi katika vipande vya weupe. Akapiga. Akaliona koti likisimama. Akapiga. Koti na kivuli cheusi vikawa kitu kimoja. Alivuta pigo jingine kwa mazoea tu, na jingine tena, kwa sababu mikono haikujua njia nyingine.

Walichukua muda kufika. Quirze aliingia mlangoni akiwa ameloa hadi mifupani, kikapu begani, kofia mkononi, akimkokota Genís kuliko alivyokokotwa.

"Ni nani?" alisema.

"Hakuna mtu, baba."

"Hakuna vipi? Nimesimama saa nzima kama mlingoti, miguu imekuwa mawe, halafu hakuna mtu?"

"Kengele ya mjini ilikuwa inakuita. Blai aliiwasha. Nilitaka usimame."

 Maji yalidondoka kutoka kwenye masharubu ya mzee. Akatazama kamba, akatazama viganja vya mkwewe vilivyoishika, na damu iliyoshuka hadi kwenye mikono ya gauni.

"Pale katikati," alisema. "Yale mawili. Nani aliyeshika?"

"Mimi," Genís alisema.

"Nilijua. Huyu hapigi kama anakimbizwa na nyuki." Akaigeuza kofia mkononi. "Nilisikia mawili. Nikasema, mwanamke. Na mwanamke huku juu ni mmoja. Nikapiga hatua nije. Nikatanguliza fimbo, fimbo ikaingia mahali pasipo na kitu. Ikaniponyoka hadi mjini. Halafu nikasikia moja. Nikasema, aa, bado. Nikarudisha mguu."

 Quirze akaweka kikapu sakafuni. Farigola ilikuwa imejaa, yenye maji, na harufu yake ikaenea hadi altareni. Kisha akaisogelea kamba, akaanza kuvifungua vidole vya Remei, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vigumu, akinung'unika.

"Unakaba kamba kama unamkama ng'ombe. Kamba inashikwa kwa uzito, siyo kwa ngozi. Ermengol hakukufundisha?"

"Sikutaka kujifunza."

"Hee." Akafungua kidole kingine. "Na yeye alikuwa hivyohivyo."

Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Vidole vyake havikuweza kuishika. Genís akaitoa na kuiweka sikioni mwa Remei. Ilikuwa sauti ya Blai, ya mtu anayenong'ona kwa nguvu.

"Mama Remei, kwa hisani yako! Tumesimama mbele ya duka la mikate, barabara nzima. Hakuna anayethubutu kuinua mguu. Sanamu ya Bwana iko mabegani mwa watu tangu saa kumi na robo, mzee Assumpta amenikwida, padri anatetemeka. Niambie tu. Ni mwanamume au ni mwanamke?"

Remei alimtazama baba mkwe wake. Quirze alikuwa ameishikilia kamba ili kengele isitikisike, na kofia bado ilikuwa mkono wa pili, hakuwa ameivaa.

"Mwambie washushe sanamu, hakuna maiti," alisema mzee. "Hesabu bado."